Mwalimu Asiyewahi Kupima

Miaka kumi na nane Mwalimu Jérôme alifundisha umeme, na katika miaka hiyo yote hakuupima hata siku moja. Nakuambia mapema, usije ukasema nilikuficha. Hakuwa mvivu, wala mlevi kama wengine ambao leo nitawasitiri. Alikuwa mtu wa watu, mzaliwa wa Boga, mwenye nyumba ya mabati kule Mudzipela, mtaa wa Bunia, mke mmoja aitwaye Gertrude, na shati jeupe lililopigwa pasi ya makaa hata siku za matope. Kabila lake usiniulize. Kwa Bunia swali hilo limekwisha kuua watu wa kutosha, na habari hii haina haja nalo.

Shule yake ilikuwa ya ufundi, na yeye alishika sehemu ya umeme. Zamani kulikuwa na maabara yenye meza ndefu na mashini za kupimia. Halafu vita vikapita mjini, na wenye kupora wakabeba kila kitu, hata vioo vya madirisha. Waliacha kabati moja la mbao nzito lililowashinda kupitisha mlangoni. Kabati hilo ndilo likabaki linaitwa maabara. Ndani yake mlikuwa na chaki, ramani ya Afrika iliyochanika, na chumvi ya mlinzi.

Lakini programu ya serikali haijali vita. Programu inasema: mwaka wa tano, mwanafunzi apime volti na ampea katika vitu mbalimbali vinavyopitisha umeme, aone zinavyofuatana. Volti ni nguvu inayousukuma umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Na mkaguzi akija anataka kuona majaribio daftarini. Utafanya nini? Jérôme alifanya yale ambayo walimu wenzake wote walifanya. Aliandikisha.

“Fungueni daftari,” angesema, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyeimba kwaya. “Andikeni. Tumechukua taa ya volti kumi na mbili. Tumeweka volti tatu, tumesoma miliampea mia moja. Tumeweka volti sita, tumesoma mia mbili. Volti tisa, mia tatu. Volti kumi na mbili, mia nne. Tumeona kwamba volti ikiongezeka mara mbili, ampea nazo zinaongezeka mara mbili.” Kisha alichukua rula ya ubao, ndefu kama fimbo ya mchungaji, akachora mstari ulionyooka kutoka kona ya chini hadi kona ya juu. Watoto wakachora. Tumechukua, tumeweka, tumesoma, tumeona! Ebo! Nani alichukua? Nani aliona? Hakuna aliyeuliza. Namba zenyewe zilitoka kwenye daftari la mzee Claude, aliyemfundisha Jérôme ujanani na ambaye sasa alikuwa inspecteur, yaani mkaguzi. Claude naye aliandikishwa na mtu, na huyo mtu na mwingine. Aliyepima mara ya kwanza, kama yupo, Mungu amjalie mema.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipokuja Rébecca.

Rébecca alitoka upande wa Djugu na mama yake, Suzanne, wakati vijiji vyao vilipochomwa. Walikuwa wakiishi kwenye site ya wakimbizi pembeni mwa mji, chini ya turubai, wawili tu. Waliobaki nyuma walibaki kabisa. Katika sehemu ya umeme alikuwa msichana peke yake kati ya wavulana thelathini. Mwembamba, mwenye kusema polepole, na ana tabia moja mbaya sana kwa shule: akiambiwa kitu, alikifikiri.

Siku ile ya kuandikisha, mwaka wa tano, aliinua mkono.

“Mwalimu, samahani. Hii taa, weye uliipima?”

Kalasi nzima ikageuka kumtazama. Jérôme akahisi shingo inapata moto, lakini alikuwa na jibu. Mtu wa sauti hakosi jibu.

“Mutoto, ata Yerusalemu miye sijafika. Lakini najua iko.”

Wavulana wakacheka, wakapiga meza kwa makofi. Rébecca akasema, “Asante, Mwalimu,” akaketi, akaandika tumeona kwamba. Jibu zuri lile. Jérôme alilirudia kwa Gertrude jioni wakati wa chakula, na Gertrude naye akacheka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwahi kufundisha mbele ya wavulana thelathini.

Mwaka wa sita ukafika, na mwaka wa sita wa ufundi una jury. Kila mwanafunzi anafanya kazi yake ya mikono, anaisimamia mbele ya watu watatu: inspecteur kutoka nje, fundi mmoja wa mjini, na mwalimu wake mwenyewe. Kila mmoja anatoa pointi juu ya ishirini. Asiyefikisha thelathini juu ya sitini, diploma imemponyoka. Wazazi wanachanga kuku na mchele kwa ajili ya wajumbe, maana jury yenye njaa ina mkono mzito.

Na Rébecca alikuwa na sababu yake ya kuitaka diploma ile, sababu iliyojulikana na shule nzima. Kampuni moja ya umeme wa jua ilikuwa imepita ikisema itachukua fundi kijana mmoja mwenye diploma, na ikiwa ni msichana, vizuri zaidi. Kazi ingekuja pamoja na chumba ndani ya kiwanja cha kampuni. Chumba chenye ukuta, chenye mlango unaofungwa. Mama Suzanne alikuwa amekwisha kuanza kuuliza majirani kama ndani ya chumba cha namna hiyo wanaruhusu kupika.

Kazi aliyoichagua ilikuwa hii: courant, yaani umeme, inapitaje ndani ya vitu mbalimbali. Jérôme alisaini karatasi bila kuisoma vizuri, maana aliona jina la somo lake akafurahi. Wavulana walikuwa wakitengeneza kengele za mlango na ubao wa swichi. Huyu angalau anaheshimu somo, akajiambia.

Rébecca alikuwa na noko, yaani mjomba, jina lake Yves, aliyetengeneza umeme wa pikipiki pale sokoni. Yves ana ile mashini ndogo ya kupimia, multimètre, ya njano, iliyofungwa kwa mpira kwa sababu ilianguka mara nyingi. Msichana akaiazima. Akapima waya uliojizungusha wa réchaud bovu, jiko la umeme. Akapima risasi ya ndani ya penseli. Akapima taa ndogo ya nyuma ya pikipiki, ya volti kumi na mbili. Alikuwa anaunganisha mawe ya tochi, yaani betri, kila moja volti moja na nusu: mawili, halafu manne, halafu sita, mpaka manane, na kila mara anaandika. Wiki moja kabla ya jury alimletea mwalimu karatasi zake.

Ukurasa wa kwanza, waya wa réchaud: mstari umenyooka kabisa. Jérôme akatikisa kichwa kwa furaha. Ukurasa wa pili, penseli: mstari unapandapanda kidogo kuelekea juu. Akakunja uso. Ukurasa wa tatu, taa: mstari unaanza kwa nguvu, halafu unalala, unalala, kama mtu aliyechoka kupanda mlima. Volti tatu, mia moja tisini na sita. Volti sita, mia mbili themanini na saba. Kumi na mbili, mia nne na ishirini tu.

“Hii ni nini?”

“Ni taa, Mwalimu.”

“Taa hapana inafanya hivi. Niliwaandikisha.”

“Ndiyo, Mwalimu. Lakini miye nilipima mara saba.”

“Mawe yako yamechoka.”

“Nilinunua ya mupya.”

“Basi ni ile mashini ya soko.”

“Mashini ni ile moja, Mwalimu. Ile ile njo ilitoa waya ya réchaud muzuri.”

Alisema bila kiburi, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Akamsukumia karatasi. “Chukua rula, nyosha. Volti tatu, andika mia moja. Inspecteur Claude anajua hii namba kuliko jina ya watoto wake.”

Rébecca alizivuta karatasi zake. “Mwalimu, siwezi kuandika tumeona, na sikuona.”

“Unataka diploma ao unataka kubishana?”

“Nataka diploma,” akasema, na macho yake yakajaa maji. Lakini alizikunja karatasi kama zilivyo, akaziweka ndani ya mfuko wa plastiki zisilowe, akaondoka.

Nisikudanganye: Jérôme hakulala vizuri wiki ile. Jumamosi alivaa shati lake, akaenda sokoni kwa Yves, akajifanya taa ya pikipiki yake inasumbua. Pikipiki yenyewe hana! Yves alimtazama, akaelewa, akamvutia kigoda. Akamwekea mawe, taa, na ile mashini ya njano mbele yake, akarudi kufungua kabureta ya mteja.

Mwalimu akaishika mashini. Hakujua hata waya mwekundu unaingia tundu gani; Yves alinyoosha mkono akamwonyesha, bila kumwangalia usoni. Akaunganisha mawe mawili. Mia moja tisini na tano. Manne. Mia mbili themanini na nane. Sita. Manane. Kama taa ingefuata sheria yake, kwa mawe manane ingefika karibu mia nane. Ilikuwa mia nne na kidogo. Akarudia. Akarudia tena. Akaigusa taa kwa kidole ili aitoe, akaungua, akapiga kelele kidogo, na hapo hapo, kidole kikiwa bado mdomoni, akaelewa. Waya wa ndani ya taa unapata moto. Ukipata moto unakuwa mgumu, unaukatalia umeme. Waya wa réchaud kwa mawe ya tochi haupati moto wa maana, kwa hiyo mstari wake unanyooka. Sheria haikukosea. Aliyekosea ni yule aliyeitia taa ndani ya daftari, na wote waliofuata wakisema tumeona.

Unajua alisikia nini? Alisikia furaha. Ndiyo, furaha, ya mtoto. Mtu wa miaka arobaini na sita, sokoni, katikati ya mafuta machafu, kwa mara ya kwanza anaona kitu alichokifundisha. Halafu furaha ikakauka, maana alianza kuhesabu. Kalasi kumi na nane. Zaidi ya wanafunzi mia tano. Wengine sasa ni walimu huko Gety na Kilo, wanaandikisha taa ileile.

“Mwalimu,” Yves akasema hatimaye, “mutoto iko na haki ao haiko na haki?”

“Iko na haki,” Jérôme akasema.

“Basi, Mungu asifiwe. Weye uko ndani ya jury.”

Neno hilo likabaki limemkaa kifuani mpaka Jumatano.

Jumatano jury ilikaa. Wajumbe watatu nyuma ya meza yenye kitambaa: katikati Inspecteur Claude, mzee mwenye kuvaa tai, aliyenyooka kama rula; kushoto fundi wa jenereta za mjini, mtu mnene mpole; kulia Jérôme. Nje wamama walikuwa wanapika, na harufu ya kuku ilikuwa inaingia dirishani. Plamedi, mvulana wa benchi la mbele, alipita kwanza. Alileta ubao wenye taa na mstari ulionyooka vizuri, hata mashini ya kupimia hakuwa nayo, alichora nyumbani. Claude alimsifu. “Huyu iko na mukono ya ingénieur.”

Akaja Rébecca, na sketi ya bluu aliyoazima kwa jirani. Aliweka mawe yake mezani, akapima waya wa réchaud mbele yao. Claude akatikisa kichwa: vizuri. Akaeleza penseli, Claude akatazama saa. Akafungua karatasi ya taa.

Mzee akavua miwani. Akacheka, kicheko kifupi.

“Nani amekufundisha hii?”

“Hakuna, Inspecteur. Nilipima.”

“Ulipima! Weye! Na siye wote tunafundisha hii tangu zamani, siye ni wajinga?”

Yule fundi wa jenereta akakohoa. “Lakini, Inspecteur, taa ikiwaka inapataka moto. Pengine…”

“Weye ulisoma wapi?” Claude akamuuliza. Fundi akaangalia dirisha lenye harufu ya kuku.

“Ninaomba nipime tena hapa, mubaki munaona,” Rébecca akasema.

“Na mashini ya soko? Hapana. Wakati umeisha.” Claude akamgeukia Jérôme, taratibu, kama baba. “Mwalimu, weye njo ulimufundisha namna hii?”

Hapo sasa. Rébecca alimtazama mwalimu wake. Noko Yves alikuwa amemwambia yote, ya Jumamosi, ya kidole kilichoungua. Jérôme aliona machoni pake kwamba anajua. Na machoni pale hamkuwa na hofu tena. Alikuwa ametulia. Alikuwa anamngojea tu mtu wake aseme.

Na nikueleze vizuri, ili usimtafutie sababu. Hakuna aliyemtisha Jérôme. Hakuna aliyemwahidi cheo. Hakuahidiwa hata soda. Ilikuwa tu kwamba mzee yule alimfundisha akiwa na miaka kumi na saba, alimwombea kazi, alisimama kwenye harusi yake; na kwamba kusema “mutoto iko na haki” ni kusema “miye nimedanganya miaka kumi na nane, na weye, muzee, ulidanganya kabla yangu.” Maneno machache. Yalifika mpaka ulimini.

“Hapana, Inspecteur,” akasema. “Miye niliwafundisha mustari ya kunyooka.”

Na ilikuwa kweli, si ndiyo? Kila neno lilikuwa kweli. Shetani naye anajua kusema kweli akiona inamfaa.

Walitoa pointi. Karatasi ilipita kutoka mkono hadi mkono, na ikamfikia Jérôme mwisho. Claude: tano. Fundi, maskini, alikuwa ameandika kumi na mbili, namba ya mtu asiyetaka ugomvi lakini mwenye moyo. Jumla kumi na saba. Ilibaki kumi na tatu tu. Kumi na tatu angeandika, Claude angenung’unika kidogo, wangekwenda kula. Jérôme alijua hivyo wakati ule ule kalamu ikiwa mkononi. Hakuna aliyemficha hesabu. Claude aliinama kidogo, akiangalia karatasi kwa jicho la pembeni, akasema kwa upole, “Jérôme, usitupatishe haya.”

Akaandika nane.

Halafu wakaenda kula. Alipewa paja.

Matokeo yalipotoka, Plamedi alipita, wavulana ishirini na sita walipita, na watu wakamwaga unga wa ngano vichwani mwao njia nzima kama kawaida, mji mzima mweupe. Kazi ya kampuni alipewa Plamedi. Chumba chenye mlango, Plamedi. Simchukii yule mvulana. Mtoto aliandika alichoandikishwa.

Jérôme alikaa wiki mbili, halafu akashindwa, akaenda kwenye site. Alijiambia anakwenda kuomba msamaha. Alimkuta Mama Suzanne mbele ya turubai anachambua maharage. Kumwona mwalimu, mama aliruka, akamfutia kiti cha plastiki kwa kitenge chake mwenyewe, akamtuma mtoto wa jirani akatafute maji safi ya kunywa.

“Karibu, Mwalimu. Karibu sana. Unaniona namna hii, siko na kitu ya kukupa.”

“Mama Rébecca, nilikuja juu ya ile jambo ya mutoto…”

“Najua, Mwalimu. Usiseme. Haya iko kwetu.” Aliinamisha kichwa. “Nilimuambia: usibishane na wakubwa. Mwalimu amekuambia nyosha, weye nyosha! Ameninyima chumba juu ya kichwa nguvu. Lakini weye ulimufundisha tu, ulimuvumilia. Mungu akubariki.”

Jérôme alikuwa amelipanga neno lake njiani, tangu Mudzipela. Mama yule alikuwa amekwisha kumshika mkono kwa mikono miwili, na kumshukuru. Wewe ungesema? Kusema ni rahisi mbele ya anayekutukana. Mbele ya anayekushukuru, sijui. Yeye alikunywa maji.

Rébecca alikuja kutoka bombani na bidoni la manjano begani. Alilitua. Alimwamkia mwalimu kwa adabu, kwa goti kidogo, kama siku zote. Mama alipoingia ndani kutafuta sahani, msichana akasema polepole:

“Mwalimu, ulipima.”

Hakuuliza. Lilikuwa jibu la lile swali lake la mwaka wa tano, alijijibu mwenyewe. Kisha akachukua sahani mkononi mwa mama yake, akaosha. Mwezi uliofuata alikwenda Kilo, kwenye machimbo ya dhahabu, kuponda mawe ya watu na kuosha mchanga, siku nzima miguu ndani ya maji. Mama alibaki chini ya turubai, anangojea mwanawe atume kitu. Ndipo mama alipo mpaka leo.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu hujaribu kufuta sakafu. Mwaka mpya wa masomo ulipoanza, Jérôme alikwenda kwa Yves kuazima mashini, na Yves akamwambia haipo, huku ipo mezani. Basi akauza redio yake, akaagiza mashini yake mwenyewe kutoka Uganda. Gertrude alikasirika siku tatu. Akanunua mawe manane, akatafuta taa ya nyuma ya pikipiki na waya wa réchaud. Na mwezi wa kumi, kwa mara ya kwanza tangu vita, katika kalasi ile kulipimwa umeme.

Ilikuwa siku nzuri, siwezi kumnyima. Wanafunzi thelathini na wanne, vikundi vya wanne au watano. Walisukumana, wakacheka, taa ilipowaka wakasema “Eeeh!” Vanessa, msichana mmoja mwenye sauti, alisoma mashini mbele ya wote: “Mia mbili themanini na saba!” Mwalimu aliposikia namba ile alilazimika kugeukia ubao. Hakuandikisha. Alisema tu, “Andikeni yenye mumeona. Muchore yenye mumeona. Kesho munaleta daftari.”

Kesho yake walileta, wakayapanga mezani. Watoto wakaketi. Akafungua la kwanza.

Volti tatu, mia moja. Volti sita, mia mbili. Volti tisa, mia tatu. Mstari umenyooka kutoka kona hadi kona. Akafungua la pili. Mia moja, mia mbili, mia tatu, mia nne. La tatu. La kumi. Yote thelathini na manne, namba za mzee Claude, zilizonakiliwa kwenye madaftari ya zamani ya makaka na madada zao. Katika mengine iliwezekana kuona, chini ya mstari, alama ya ufutio: mstari wa kwanza, uliopinda, ulikuwa umefutwa kwa bidii mpaka karatasi ikatoboka.

“Vanessa.”

Akasimama.

“Jana, kwa volti sita, ulisoma ngapi?”

“Mia mbili themanini na saba, Mwalimu.”

“Na hapa umeandika ngapi?”

“Mia mbili.”

“Juu ya nini?”

Vanessa aliangalia wenzake. Hakuna aliyemsaidia. Akaangalia chini.

“Mwalimu, usikasirike. Siye tunakaa site moja na Mama Rébecca. Turubai yetu na yake zinagusana. Siye tunataka diploma, Mwalimu.”

Jérôme alishika daftari la Vanessa. Chini kabisa ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri wa mviringo, alikuwa ameandika: Tumeona kwamba. Akatafuta la kuwaambia. Kwamba si hivyo. Kwamba kweli ni kweli. Alikuwa na sauti nzuri bado.

“Vanessa, yenye muliona jana, njo kweli. Musiogope kuiandika.”

“Ndiyo, Mwalimu,” akasema, na hakuketi. “Siku ya jury, Inspecteur akikuuliza, weye utasema kama tulipima?”

Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua tu, kama mtoto anayeuliza kama mto unavukika. Kalasi nzima iliinua macho. Wakangoja. Kengele ya mapumziko ikalia uwanjani, kalasi nyingine zikatoka mbio, na hawa, kwa kuwa walikuwa watoto wenye adabu, walibaki wameketi, wakingoja mwalimu awape ruhusa ya kutoka.

Akawapa.